Kalafati ya Angani

Aliyekulia visiwani hahitaji kufundishwa kalafati. Amewaona mafundi wa majahazi wakisokota pamba, wakiichovya katika mafuta, kisha wakiigongomea baina ya ubao na ubao ili bahari ibaki nje. Tangi la mafuta la ndege ndogo ya kujiundia lina kalafati yake pia, ila imegeuzwa: kinachozuiwa kimo ndani, nacho kinatafuta njia ya kutoka.

Katika ndege kama RV-7 ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, inayouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe, tangi si chombo kinachotiwa ndani ya bawa. Ni bawa lenyewe, ile sehemu inayopasua hewa, mbele ya boriti kuu. Bati la alumini lisilofika unene wa milimita moja hukunjwa juu ya mbavu, likapigwa ribiti mamia kwa mamia, na kila tundu la ribiti ni mlango wa petroli. Kila upande hubeba lita 79 hivi. Kinachoziba ni utomvu mzito wa sehemu mbili, wenye harufu ya kibiriti. Hupimwa kwa mizani, na tangu uchanganywe fundi huwa na kama saa mbili tu kabla haujaanza kuganda. Joto likizidi, muda hupungua. Hunata vidoleni, nyweleni, mpaka kwenye kitasa cha mlango. Wajenzi wengi huichukia kazi hii kuliko nyingine yoyote, na hawalaumiki.

Sasa kazi hiyo na ifikiriwe Singida, katika mji ulio kando ya maziwa Singidani na Kindai, penye majabali na upepo usiochoka. Upepo huo huleta vumbi, na punje moja ya mchanga chini ya utomvu yatosha kuacha ufa. Aidha mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na matangi yote mawili yakijaa huongeza zaidi ya kilo 110. Lita zinazomfikisha mtu mbali ndizo zinazomzuia kupaa.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 2010 magazeti ya dunia yaliandika habari za Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya, aliyejiundia ndege kwa injini ya gari. Katika miaka ya 2020 kampuni ya Airplanes Africa Limited imekuwa ikiunganisha ndege ndogo za Skyleader mjini Morogoro, kwa utaalamu uliotoka Cheki. Lakini kiwanda kina mkaguzi, na mkaguzi hakai katika kiti cha rubani. Anayejiundia hana wa kumsukumia kosa. Ndiye aliyeziba, na ndiye atakayeketi baina ya matangi mawili ya petroli, injini ikinguruma mbele yake.

Ndiyo maana jaribio la mwisho, ingawa lafanana na mchezo wa mtoto, hufanywa kwa moyo mzito. Matundu yote hufungwa, hewa kidogo hupulizwa ndani, na puto huvishwa kwenye bomba la kupumulia. (Bomba hilo nalo lina hadithi yake: nyigu akilijengea nyumba ya udongo, mafuta hushindwa kutoka na injini huzimika.) Puto likisimama usiku kucha, tangi ni zima.

Ila usiku wa Juni au Julai Singida ni wa baridi, na hewa ikipoa hunywea. Fundi hulala puto likiwa limejaa, akaamka akalikuta limelegea, naye hana njia ya kujua mara moja kama limelegezwa na baridi au na ribiti moja kati ya mamia. Hangojei petroli imwambie. Hufungua mlango, akaacha jua liingie hadi kwenye bati, akakaa juu ya kreti akilitazama. Lisipojaa tena kufikia adhuhuri, huchukua ndoo ya maji ya sabuni na brashi, akaanza kupaka kutoka ubavu wa kwanza, akitafuta povu.