Nyumba Zilizoandikwa

Mwaka wa 1893, katika mji wa London, ilibomolewa nyumba kubwa ya kale, iliyojengwa mwaka wa 1606, ili mahali pake pajengwe shule. Shule ni kitu chema. Lakini bwana mmoja, C. R. Ashbee, mchora ramani za majumba, alihuzunika, kwa kuwa wengi hawakujua thamani ya nyumba ile hata ilipokwisha kuanguka. Basi mwaka wa 1894 akakusanya rafiki zake, wakapita mtaa kwa mtaa, wakipima kuta, wakichora milango na dari, na kuandika habari za kila nyumba ya kale.

Haukupita muda, kazi yao ikajaribiwa. Mwaka wa 1895 lilitolewa shauri la kubomoa makao ya mabaharia wazee na wajane, yaliyojengwa mwaka wa 1695. Ashbee na wenziwe wakayatetea, na mwaka wa 1896 wakatoa kitabu chenye habari na picha zake. Makao yale yakasalimika, na hata leo yamesimama.

Kitabu hakiwezi kuishika nyundo. Lakini humjulisha mwenye nyundo ni kitu gani atakachokivunja.