Kila Mtu Anamchukia Sang-woo, Kasoro Bodaboda Mmoja wa Tandika

Kuna sheria moja ya muvi haijawahi kuandikwa popote lakini kila mtoto wa uswahilini anaijua: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe kutoka ghorofani, anyweshwe sumu, mwisho lazima anyanyuke amalize kazi. Sasa Squid Game sizoni ya 3 ilipotoka Juni 27, 2025, na watu wakaona Gi-hun anajiachia aanguke ili kichanga kibaki hai, vijiwe vya Dar vilichafuka. Kuna watu walirudi kwa jamaa anayewawekea muvi wakidai hela yao. Eti kawawekea feki, ya ukweli lazima iwe na mwisho mwingine.

(Kama hujaicheki na hupendi kuhadithiwa, ishia hapa, kaicheke kwanza, urudi.)

Jamaa wa muvi anayesemwa hapa yupo Tandika. Ana kibanda chenye kompyuta moja, feni moja na benchi moja nje. Bodaboda wanasubiria abiria kwenye benchi hilo. Dada wa saluni anavuka barabara kuja kuwekewa sizoni za Kikorea za mapenzi, mwanachuo mmoja anakuja na hadisiki nzima kama anahama mji. Unaleta flashi, unawekewa, unasepa. Kesho yake unarudi na maoni. Hakuna aliyekuomba, lakini unayo.

Na maoni ya pale si ya kitoto. Kuna jamaa anaamini Sultan iliharibika siku walipombadilisha Hurrem. Ukweli ni kwamba Meryem Uzerli aliacha ile tamthilia mwaka 2013 na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin, lakini jamaa hataki kusikia mambo ya waigizaji. Kwake yeye Hurrem amefariki, yule wa pili ni mpangaji tu. Kuna mwingine hachekii muvi isiyotafsiriwa na DJ, kwa sababu anasema ile sauti halisi ya muvi "haina stori". Mwanachuo anamcheka, anasema DJ anadanganya, nusu ya maneno anayatunga. Jamaa anajibu: na wewe unayesoma maandishi ya chini, umeyaandika wewe? Kimya.

Basi Squid Game ndiyo ikawa moto zaidi. Sizoni ya 3 ilipotoka, watu wakarudi kuangalia ya kwanza, ile ya Septemba 2021 ambayo Netflix walisema ndani ya wiki 4 za mwanzo iliangaliwa na kaya milioni 142. Benchi likagawanyika. Mwanachuo akasema ile muvi inahusu ubepari. Dada wa saluni akamwambia, mdogo wangu, ile inahusu watu wanaodaiwa, na kuna siku na wewe utadaiwa ndio utajua jina lake.

Ila jambo moja lilikuwa halina mjadala. Sang-woo ni shetani. Namba 218, msomi wa Chuo Kikuu cha Taifa Seoul, mtoto wa mama muuza samaki, mtu ambaye mtaa mzima ulikuwa unajivunia. Yule aliyempa Ali nauli ya basi, akamwambia asimwite bosi, amwite kaka. Halafu kwenye mchezo wa gololi akamchukulia gololi zake zote, akamwekea mawe kwenye kifuko. Ali kijana wa Pakistani, kiwandani hawajamlipa mshahara, ana mke na mtoto mchanga, kageuka nyuma anamtafuta kaka yake huku ameshika mawe. Dada wa saluni anasema pale alizima TV akaenda kunawa uso. Anasema ukimwita mtu kaka, basi hata ukiwa na njaa humli.

Bodaboda mmoja tu ndiye aliyekuwa hamlaani Sang-woo.

Huyu ni kijana wa miaka kama ishirini na saba hivi, mpole, anaendesha pikipiki ya mkataba. Kwa wasioijua biashara hiyo: pikipiki ni ya tajiri, unampelekea hesabu elfu 10 kila siku, mkataba ukiisha inakuwa yako. Ukikosa hesabu siku kadhaa inarudi kwake na yote uliyolipa yamekwenda na maji. Kijana alikuwa amebakiza miezi minne.

Alichokuwa anasema ni hiki. Kwamba mnamwangalia Sang-woo kwenye gololi, hamumwangalii kwenye episodi ya pili. Episodi ya pili ndiyo muvi yenyewe. Watu 456 wameingia, mchezo wa kwanza wamekufa 255, wamebaki 201. Wanapiga kura waendelee au watoke. 100 kwa 100, yule mzee namba 001 anamalizia, wanatoka. Wote wanarudishwa nyumbani wazima. Haya, halafu wangapi wanarudi? 187. Walishaona maiti kwa macho yao, na wamerudi kwa miguu yao, hakuna aliyewafunga kamba.

"Kwa sababu ya tamaa," dada wa saluni akasema.

"Siyo tamaa dada. Sang-woo ameweka rehani duka la mama yake na nyumba, na mama hajui. Anamwona mama yake anauza samaki mle mle ndani ya kitu ambacho sio chake tena. We ungelala?"

"Ningelala na ningemwambia mama."

"Kusema rahisi."

Hayo yalirudiwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu akimtukana Sang-woo, kijana anainuka. Wenzake wakaanza kumtania, wakambatiza jina la 218. Akipita na abiria wanapiga kelele "mia mbili kumi na nane huyooo, angalia gololi zako!" Alikuwa anacheka. Dada wa saluni ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Siku moja alikuja kuchukua flashi yake, benchi lina watu wawili tu, akamuuliza kwa sauti ya chini: "We kijana, umeweka nini?"

Kijana akasema amepata abiria. Hakukuwa na abiria.

Alichokuwa ameweka ni friji la mama yake.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Pikipiki ilipata ajali ndogo, mbele kukapinda, injini ikaanza kuvuja. Fundi, spea na hesabu za siku alizokaa bila kazi, akakopa laki 3. Ile mikopo watu wanaita kausha damu, na jina hilo halikuja bure. Unapewa laki 3, unarudisha 390,000 ndani ya siku 30, yaani elfu 13 kila siku. Jumlisha elfu 10 ya tajiri. Kijana akiamka asubuhi tayari anadaiwa elfu 23, hajaweka mafuta, hajanywa chai. Siku ya mvua anadaiwa. Siku ya msiba anadaiwa. Ukiruka siku kuna faini, na faini nayo inaota faini. Kwenye fomu wanataka dhamana: sofa, TV, kitanda, chochote kinachobebeka. Yeye kwenye chumba chake ana godoro na redio. Akaandika friji, akalipiga picha, akawatumia.

Friji hilo ndilo mama anauzia barafu na juisi ya ukwaju. Ndilo limelipa ada ya kijana mpaka kidato cha nne.

(Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Hawa wa kijana hawakuwa hata na programu. Walikuwa na daftari na pikipiki mbili.)

Na hapa ndipo ile tamthilia inapomshika mtu shingoni, kwa sababu Hwang Dong-hyuk aliyeitunga hakuitoa hewani. Alianza kuiandika karibu na mwaka 2009, alikuwa hana kitu, ikafika mahali akaacha kuandika na kuuza kompyuta yake apate hela. Miaka kama kumi watu wa filamu walikuwa wanaikataa. Ilipokuja kutoka, madeni ya kaya Korea Kusini yalikuwa yamezidi pato la taifa zima. Huwezi kuandika ile kura ya episodi ya pili kama hujawahi kupiga hesabu usiku ikakataa. Mwanachuo alikuwa sahihi kuhusu ubepari, ila aliongea kama mtu asiyedaiwa.

Sasa mama. Huyu naye ni mtazamaji, tena wa siku nyingi kuliko benchi lote. Aliangalia ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipoonyeshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, ile ambayo Rais Xi Jinping alikuja kuitaja kwenye hotuba yake hapa Dar Machi 2013. Sultan ameimaliza yote. Jioni biashara ikipoa anakaa na mwanae wanacheki kilichopo, na kijana, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alimletea Squid Game ya kwanza iliyotafsiriwa na DJ. Wakaenda nayo usiku mmoja mmoja.

Mama hakushtushwa na damu. Yule mwanasesere mkubwa alimchekesha. Kile kipande cha sukari Gi-hun alichokilamba mpaka mwavuli ukatoka alisema huo ndio ujanja, angekuwa mwanae angempa hongera. Alinyamaza kwenye episodi ya mwisho. Sang-woo amejichoma kisu, anamtaja mama yake. Gi-hun anakuja baadaye sokoni, anamwachia yule mama mtoto wa kulea na sanduku limejaa hela.

Mama akasema, "Sasa hilo sanduku alifanyie nini?"

Kijana akasema, alipe deni, mama. Duka lilikuwa linachukuliwa.

"Duka la samaki? Mtu anaweka beseni chini anauza samaki. Mimi nilianza na beseni." Kisha, macho bado yako kwenye TV, akaongeza: "Siku ile ulipopiga picha friji nikajua. Baba, nani anapiga picha friji?"

Kijana hakujibu. Mama naye hakugeuka kumwangalia, na huenda ndiyo maana aliweza kuongea. Alisimulia yote: laki 3, siku 11 alizolipa, siku 4 alizoruka, faini, simu anazopigiwa na vijana wa daftari saa kumi na moja alfajiri. Mama akauliza maswali mawili tu, limebaki shilingi ngapi na fomu imesainiwa na nani. Halafu akaenda kulala. Kijana anasema afadhali angemtukana.

Kesho yake mama alikwenda kwenye kikoba chake, akachukua mkopo wa riba ndogo, akawafuata wenyewe wale wa daftari na shahidi kutoka serikali ya mtaa, akalipa, akadai fomu ichanwe mbele yake. Friji halikutoka. Lakini mtu asidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Kile kikoba mama alikuwa ameweka zamu yake kwa ajili ya kupaua chumba cha nyuma, na chumba hicho mpaka leo kina turubai. Kijana anampelekea mama elfu 5 kila jioni. Kwenye benchi anasema yeye sasa ana mikataba miwili, na huu wa pili tajiri wake hana huruma hata kidogo, maana analala nyumba moja naye.

Jina la 218 limebaki. Dada wa saluni bado anamlaani Sang-woo kwa ajili ya Ali, na kijana sasa anamuunga mkono kwenye hilo la gololi. Kwenye la mama habadiliki. Anasema mtunzi alimwonea Sang-woo, angempa hata simu moja ya kupiga nyumbani.

Tatizo sasa ni sizoni ya 2 na ya 3. Walioangalia wanaelewa. Mle ndani kuna mama mzee, namba 149, ambaye ameingia kwenye mchezo ili amlipie mwanae madeni ya kamari, anafika anamkuta mwanae naye yumo, namba 007, hakuna aliyemwambia mwenzake. Sizoni ya 2 kijana aliangalia na mama mpaka mwisho, na mama alimpenda sana yule bibi, akawa anaongea naye kwenye TV kama jirani. Kwenye kura akimwona yule mtoto anasitasita baina ya kuendelea na kutoka, mama anapiga mkeka kwa kiganja: toka, toka na mama yako, mjinga wewe!

Ya 3 kijana ameiangalia peke yake, kwa simu, chini ya mti, pikipiki imezimwa. Ameona yule bibi anavyomfanya mwanae kwa mkono wake, ili kuokoa binti aliyejifungua. Siku hiyo hiyo akaenda kwa jamaa wa muvi kumwomba kitu kimoja: mama akija, mwambie haijatafsiriwa.

Mama anauliza kila wiki. Jumamosi iliyopita alikwenda mwenyewe, na flashi yake imefungwa kwenye pembe ya kanga. Jamaa akamwambia bado, ma'mkubwa, DJ hajaimaliza. Mama akasema sawa, lakini niambie tu, yule bibi na mwanae wanatoka?

Jamaa akainama kwenye kompyuta, akasema umeme unasumbua, akamwekea ya Kituruki.