Mshumaa wa mama

Nilikuwa Bonn, Ujerumani, kwenye mafunzo ya redio, na Jumamosi nikapanda treni hadi Cologne kushangaa mji.

Unatoka tu stesheni, unakutana nalo uso kwa uso: kanisa kuu, mawe yamegeuka meusi, minara ya mita 157. Shingo iliniuma. Lilianza kujengwa 1248, likakamilika 1880. Miaka 632! Na sisi tunalalamikia barabara ya mtaani (tuendelee tu kulalamika, wao kazi ililala karibu miaka 300).

Nyuma ya altare kuu kuna sanduku kubwa la dhahabu na vito, lenye umbo la kanisa. Ndani yake, inaaminika, imo mifupa ya Mamajusi watatu iliyoletwa kutoka Milan mwaka 1164. Mahujaji wa enzi hizo walitembea miezi kuja kuiona. Mimi nilikuja na tiketi ya treni na kamera.

Na agizo la mama: "Ukiona kanisa, niwashie mshumaa." Kanisani sijakanyaga tangu tumzike baba, naye anajua.

Nikatumbukiza sarafu, nikawasha mmoja. Nikasimama. Nikatafuta sarafu nyingine. Picha sikupiga hata moja.

Jioni mama akapiga simu.

"Umewasha?"

"Nimewasha, mama."

"Mingapi?"

"Miwili."

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimeshakula.