Sakafu Ina Mkono Wake

"Usipoziba ufa utajenga ukuta." Darasani tuliikariri methali hii tukiulizwa maana yake ya ndani. Kwetu Iyolwa, wilayani Tororo, maana ya nje inatosha. Ufa uko sakafuni, na ukiachwa utakaribisha funza.

Nyumba ya nyanya yangu ina sakafu ya udongo, nayo husiribwa kila baada ya wiki mbili. Vyombo hutolewa nje, sakafu hufagiwa na kunyunyiziwa maji kidogo ili vumbi litulie. Nyufa huzibwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa hushika vizuri. Kisha kinyesi kibichi cha ng'ombe huchanganywa na majivu na maji hadi kiwe kama uji mzito. Hupakwa kwa kiganja, kuanzia ukuta wa mbali ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Nyuzi za nyasi zilizomo hushikilia udongo usipasuke. Likikauka, harufu huisha.

Kazi hii ina faida. Funza, ambao waliletwa Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872 na baadaye wakavuka bara lote, hukulia katika vumbi na udongo tifutifu. Sakafu iliyoshikana huwanyima makao. Lakini kinyesi hicho hicho huweza kubeba vimelea vya pepopunda, na mtoto anayetambaa hana viatu.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipo. Mjomba anataka saruji. Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, anasema, iweje sisi tukanyage kinyesi? Nyanya anajibu kwamba saruji ni baridi na magoti yake hayaitaki. Wote wawili wanasema kweli. Nchini Meksiko, watafiti walichunguza mpango wa serikali ulioanza mwaka 2000 wa kuweka saruji katika nyumba za maskini, wakakuta maambukizi ya vimelea kwa watoto yalipungua kwa asilimia 78 pale udongo ulipofunikwa kabisa.

Kuna njia ya tatu. Rwanda, na sasa Uganda pia, hutengenezwa sakafu za udongo ulioshindiliwa, kisha zikapakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa ngozi ngumu. Utunzaji wake unafanana na ule wa sakafu za mbao zilizotiwa mafuta: fagia mchanga usikwaruze, futa kwa kitambaa chenye unyevu, usimwage maji yakatuama, na sehemu ikichakaa paka mafuta tena.

Ninachokitazama mimi ni mikono. Nyanya hawezi tena kuinama. Nilipokuja chuoni, kazi ilimwangukia binamu yangu wa miaka kumi na mitatu, aliye darasa la saba. Jumamosi wenzake wanaposoma kwa ajili ya mtihani, yeye yuko chini akisiriba. Kaka zake wana mikono pia, ila hakuna aliyewahi kuwaita.

Kwa hiyo nimemwambia mjomba: ikiwa fedha za saruji au mafuta hazijapatikana, tuandike zamu, na majina ya wavulana yawemo. Amesema atafikiri. Mtihani wa binamu yangu hautamsubiri amalize kufikiri.