Degedege na Ramani ya Boston

Nilizaliwa Nyabibuye, enzi hizo Kakonko bado ikiwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Mtoto akishikwa na degedege, watu wazima walisema malaria imepanda kichwani. Inafanya nini huko? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye picha za ubongo, na sijaliacha.

Nimefanya kazi na picha za MRI za ubongo uliotulia. Mtu hulala ndani ya mashine, masikio yamezibwa kwa ajili ya makelele, kichwa kimebanwa kwa sponji, naye hapewi kazi yoyote. Mashine hufuatilia mabadiliko ya oksijeni kwenye damu ya ubongo. Sehemu zinazopanda na kushuka pamoja tunazihesabu kuwa mtandao mmoja. Kompyuta ikimaliza, unabaki na madoa ya rangi yasiyo na majina.

Majina hutoka kwenye ramani. Niliyoitumia zaidi ni ya mtafiti Thomas Yeo na wenzake, ya mwaka 2011, iliyoligawa gamba la ubongo katika mitandao 7, au 17 ukitaka undani. Unaweka doa lako juu ya mtandao mmoja wa ramani, unachukua eneo la pamoja, unalizidisha kwa mbili, unagawa kwa jumla ya maeneo ya viwili hivyo: 1 ni kulingana kabisa, 0 ni kutogusana. Lakini mtandao mpana hugusana na karibu kila kitu. Kwa hiyo tunaizungusha ramani kama mpira, mara elfu na zaidi, tuone kama bahati tu ingetoa namba ileile. Vijana niliowafundisha walipenda kuiruka hatua hii kwa kuwa inachelewesha. Sikuwaruhusu hata mara moja. Jina la kubahatisha likishachapishwa, wengine hujenga juu yake.

Tena, ramani ile ilitokana na vijana 1,000 wenye afya, wa miaka 18 hadi 35, waliopigwa picha eneo la Boston. Mtoto wa Nyabibuye hayumo. Mwaka 2017 utafiti wa taifa ulikuta karibu robo ya watoto wadogo wa Kigoma wana vimelea vya malaria. Aliyepona degedege, picha yake ikitofautiana na ramani, tuseme ni malaria, ni umri, au ni ramani yenyewe?

Nawaomba wenye mashine na fedha za utafiti nchini: pigeni picha za watoto wenye afya wa vijiji hivihivi pia, ili wagonjwa wetu wapate wa kulinganishwa nao.