Oldonyiro kwa tahajia tatu

Leo tuzungumzie takwimu za saratani. Chukua mama wa Oldonyiro, kule Isiolo, anayekuja Nairobi kutibiwa. Sajili ya Saratani ya Nairobi, iliyoanzishwa KEMRI mwaka 2001, hupima kiwango cha saratani kwa wakazi wa Nairobi. Huyu mama akihesabiwa huko, kiwango cha jiji kinapanda bure na kwao wanaonekana wazima. Nani atawapelekea vipimo?

Kwa hiyo swali zito kwenye fomu ni "unaishi wapi?", nalo hujazwa harakaharaka. Oldonyiro, Ol Donyiro, Oldo Nyiro: kwa kompyuta hizo ni sehemu tatu! Majina ya watu ndiyo balaa zaidi, maana mgonjwa aliyepitia hospitali mbili anaweza kugeuka wagonjwa wawili. CanReg5, programu ya bure ya IARC kule Lyon, Ufaransa, hukuonyesha rekodi zinazofanana, lakini kuamua kama ni mtu mmoja bado ni kazi ya binadamu.

Sensa ya 2019 iliipa Isiolo watu 268,002 tu. Wagonjwa kumi wakipotea hapo, kiwango kinayumba. Mimi ningeanza na fomu: karani achague jina la sehemu kwenye orodha, asiliandike mwenyewe.