Tapeti za MGB Hapa Nyakalengija

Mwenye gari la kazi huwazia mizigo; mwenye gari la spoti huwazia sauti ya injini. Mdogo wangu ni wa kundi hilo la pili. Gari lake ni MGB, namna iliyoundwa Uingereza tangu 1962 hadi 1980. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 1,798, ilikuwa ikigonga kila lilipopanda kutoka Ibanda kuja hapa Nyakalengija.

Fundi alipoifungua alikuta tapeti zimeliwa usoni. Tapeti ni vikombe vidogo vya chuma vikaavyo juu ya kamshafti. Husukuma fimbo, nayo fimbo husukuma roka hata valvu ikafunguka. Ubishi ulizuka hapo, maana fedha za kazi hiyo zilikuwa za kahawa ya mama.

Mdogo wangu alitaka tapeti za mafuta, ambazo huziba mwanya zenyewe na hazina kelele.

"Kaka," aliniambia, "hata kiwanda chenyewe kilizitia katika MGB ya silinda nane, mwaka 1973."

Ni kweli. Lakini ile ilikuwa injini ya Rover, iliyotobolewa njia za kupeleka mafuta kwenye tapeti tangu kuundwa kwake. Hii yetu haina. Tena kwa mtu apendaye kukimbiza injini, tapeti ya mafuta ina hila: mizunguko ikizidi huweza kujitanua, ikaizuia valvu isifunge sawasawa, na nguvu ikapotea. Tapeti ngumu haina hila hiyo. Hudai tu ipimwe mwanya kwa fila, inchi 0.015 injini ikiwa baridi. Kelele kidogo ni haki yake.

Tukakubaliana tapeti ngumu nane, pamoja na kamshafti mpya. Mama aliguna. Nilimweleza kuwa nyuso hizo mbili huchakaa pamoja. Tapeti mpya juu ya kamshafti iliyoliwa hazifiki mbali, na kahawa ingeuzwa mara mbili. Akahesabu noti mbele yetu, akabakiza za karo.

Siku ya kuwasha, injini iliachwa izunguke kama mara 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, bila kupunguzwa, kwa kuwa kamshafti hulowanishwa na mafuta yarushwayo na mzunguko wenyewe. Majirani walikuja wakidhani gari limeshindikana. Mdogo wangu alipotaka kuizima, mama, aliyesimama mlangoni na saa mkononi, alimkataza: zilikuwa zimebaki dakika sita.